Namuaga Mke Mwenzangu wa Gereji

Mheshimiwa Meya Trombley, ambaye gari lako limeegeshwa pale nje kwenye njia ya magari ya zimamoto na sote tumeliona, Mchungaji Hallberg, Mkuu wa Kikosi cha Zimamoto, Bwana Niemi, uliyekubali magari yako yalale kwenye theluji leo ili sisi tupate ukumbi, waheshimiwa wajumbe wa halmashauri ya mji, akina mama wenzangu wa kanisa, mlioamka alfajiri kuoka pai za nyama, majirani zetu wa Alder Lake, ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana.

Na wewe, ndugu Clarence Beaudry, fundi wa mji huu, unayestaafu leo. Nimekuweka mwisho kwa makusudi. Katika watu wote walionikera tangu nilipoolewa, wewe umeshika namba moja, na hakuna aliyewahi hata kukukaribia. Habari za jioni, mke mwenzangu.

Chekeni, chekeni tu. Mchungaji, na wewe cheka, usijizuie, nakuona. Mimi Verna Saarela nasema lile ambalo kila mtu hapa analijua na hakuna aliyethubutu kulisema mbele ya watu: kwamba mume wangu, Reino, ana ndoa mbili, moja ya kanisani na moja ya gerejini, na kwamba ile ya gerejini ndiyo imekuwa ikila Jumamosi zake zote, sikukuu zake zote, na sehemu kubwa ya maneno yake.

Kwanza niwaeleze imekuwaje mimi nisimame hapa. Kamati ya sherehe ilikuja nyumbani kwetu kumwomba Reino atoe hotuba. Ni haki yake, yeye ndiye rafiki wa Clarence kupita wote. Wakakaa sebuleni, nikawapa kahawa. Msemaji wao akasema, “Reino, utasema maneno mawili matatu tu.”

“Hapana.”

“Basi mawili.”

“Mwambieni Verna. Yeye maneno anayo.”

Basi ndiyo hayo. Mwenyewe yule pale, meza ya karibu na mlango, anakagua viatu vyake kana kwamba kavinunua leo. Tuliposhuka garini jioni hii alinipa ushauri mmoja kuhusu hotuba yangu. Alisema, “Usirefushe.” Reino, mzee wangu, kwa hilo utanisamehe.

Jumamosi ya kwanza baada ya harusi yetu, Reino alikunywa kahawa, akavaa koti, akasema, “Naenda kwa Clarence mara moja.” Mimi nilikuwa bibi arusi mgeni, nikaamini kwamba mara moja ni mara moja. Nikapika. Chakula kikapoa, nikakipasha, kikapoa tena. Mume wangu akarudi jua limeshazama, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, anatabasamu peke yake. Nikamuuliza, “Mlikuwa mnafanya nini huko kutwa nzima?”

Akasema, “Plati.”

“Plati zimefanya nini?”

“Ziliungua.”

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu ya jioni ile, juu ya vile vyuma viwili vidogo vya kuwashia injini, na msidhani nimeyafupisha. Wanawake wengine wakishuku jambo hunusa kola ya shati la mume kutafuta manukato. Mimi nilinusa nikapata petroli na grisi. Afadhali yangekuwa manukato, maana manukato ningejua pa kuanzia. Ningemtafuta huyo mwanamke, ningemwona nywele zake na viatu vyake, ningejilinganisha naye. Sasa mtu utajilinganishaje na kabureta?

Na wala hayakuishia gerejini. Mnaijua baridi ya kwetu. Wakati ule gari lilikuwa halilali nje kama linavyolala leo. Betri lilikuwa linalala ndani, karibu na jiko, kama mgonjwa. Asubuhi za baridi kali plagi zilitolewa kwenye injini zikapangwa kwenye trei yangu ya kuokea mikate, zikatiwa kwenye oveni zipate joto, halafu wanaume wawili wakakimbia nazo nje mikononi wakirushiana maneno ambayo mbele ya Mchungaji siwezi kuyarudia. Jumapili moja nilitoka kanisani, nikafungua mlango, nikaona sufuria yangu ya supu, ile niliyopewa na mama yangu, iko jikoni inatokota. Moyo wangu ukachanua. Nikasema, leo mzee kapika! Nikafunua, nikakuta kabureta imelala kwenye maji meusi.

“Reino, hii nini?”

“Ya Clarence.”

“Kwamba ni ya Clarence najua! Kila kioja katika nyumba hii ni cha Clarence! Ndani ya sufuria yangu inafanya nini?”

“Inachemka.”

Kabla sijajibu, mlango wa nyuma ukagongwa. Ni huyu bwana mnayempigia makofi leo, kofia mkononi, adabu tele usoni. Akaniamkia vizuri kabisa, akachungulia jikoni, akauliza, “Shemeji, imeiva?”

Clarence, ile sufuria hadi leo supu yake ina ladha ya petroli. Colette, mkeo, aliwahi kuniomba nimwazime kwa sherehe ya kipaimara, nikampa kwa furaha kubwa.

Ndugu wageni waalikwa, nitakuwa mnafiki nikisema sikuuona uzuri wa mambo yale. Nani kati yenu wenye mvi anayekumbuka kidude cha choki, pale chini ya usukani, ulichokivuta kidogo asubuhi, ukasubiri, ukakirudisha taratibu, na gari likakohoa, likanung'unika, likakubali? Nani anakumbuka swichi ya taa kubwa iliyokuwa sakafuni, ukaibonyeza kwa mguu wa kushoto? Na lile dirisha dogo la pembetatu, la kutolea moshi wa sigara? Nani anakumbuka kwamba gari lilikuwa linaguswa? Vijana mnatazamana, mnadhani bibi anaota. Lakini wazee hawa waliweza kupima nafasi ya plati kwa jalada la kiberiti, na gari likawaka. Waliweza kutia ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, mmoja huku na mwingine kule, wakafumba macho, wakatafuta kwa sikio chuma kipi ndani kinagonga.

“Tapeti ya tatu,” anasema Clarence.

“Ya nne,” anasema Reino.

“Sikiliza vizuri wewe, masikio umeyasahau kanisani?”

“Ya nne.”

Wakafungua, ikawa ya nne, na Reino akaishi na ushindi huo mpaka masika. Mimi nilikuwa natazama mambo haya kupitia dirisha la jikoni kwangu, maana gereji ya Clarence na nyumba yetu, kama mnavyojua, zinatazamana, barabara tu katikati. Mimi naosha vyombo, wao wanasikiliza injini. Nilikuwa najiuliza hivi: tangu tuoane, huyu mwanamume amewahi kuinamisha kichwa na kufumba macho namna ile kwa ajili ya sauti yangu? Niliionea wivu ile bisibisi. Nasema wazi. Niliionea wivu injini, nikauonea wivu mkanda wa feni, maana mkanda ukipiga kelele kidogo tu watu wawili wazima wanakuja mbio.

Sasa nitawaambia siku iliyonichoma kuliko zote. Ilikuwa Jumamosi, Novemba, wiki ile ya msimu wa kulungu, na wanaume wengine wote walikuwa msituni na bunduki zao. Hawa wawili hawakwenda. Nikasema, leo nitajifanya mke mwema. Nikaoka pai mbili, ya Reino na ya Clarence, zina nyama na mizizi ya rutabaga, nikazifunga kwa taulo, nikavuka barabara. Theluji imejaa, viatu vyangu havina kelele. Mlango wa gereji ulikuwa wazi kidogo. Nikasikia mtu anaongea.

Anaongea, ndugu zangu. Siyo “mh”, siyo “eeh”, siyo “nipe chumvi.” Sentensi moja inashika nyingine. Anasimulia jinsi mama yake alivyokuwa akiimba akikanda unga, wimbo gani, kwa lugha ya kwao ya Kifini, na jinsi siku moja alivyoacha kuimba, na yeye Reino akiwa mtoto alivyokaa chini ya meza akisubiri aanze tena. Sauti ilikuwa ya mume wangu, lakini nilisimama pale nikidhani ni mgeni. Halafu akacheka. Mimi kicheko kile nilikuwa sikijui. Na Clarence hata hakusema neno la maana. Alisema, “Ehe,” basi. Mume wangu anampa mtu mambo ambayo mimi, niliyelala ubavuni kwake usiku wote, niliyemzalia, sijawahi kuonjeshwa hata kidogo, na mtu huyo anajibu “ehe”!

Sikuingia. Nilirudi na pai zangu nikakaa mezani nikazila zote mbili kwa hasira. Jioni Reino akauliza, “Leo hatuli?” Nikamwambia aende akale kwa Clarence.

Mnaona basi kwamba wivu wangu haukuwa wa Jumamosi zake, wala wa sufuria. Sufuria nilinunua nyingine. Nilikuwa namtaka yule mtu aliyekuwa anaongea gerejini. Nilijua sasa kwamba yupo, ana hadithi, ana kicheko, na kwamba kila siku akivuka barabara kuja kwangu anaachwa njiani, na kinachofika nyumbani ni koti na kofia.

Nikajaribu kulipiza kisasi. Wengi wenu mnalikumbuka lile gari langu jeupe nililonunua kwa akiba yangu mwenyewe, la kwanza la kompyuta katika mtaa wetu. Nililichagua kwa sababu moja tu: lilikuwa haliwahitaji hawa. Halina kabureta, halina plati, halina choki. Asubuhi ya baridi unazungusha ufunguo linawaka, basi. Nikalileta nyumbani nikaliegesha mbele ya gereji makusudi, nikapiga honi. Reino akatoka, Clarence nyuma yake. Reino akafungua boneti. Chini yake kulikuwa na kifuniko kikubwa cha plastiki, cheusi, safi, hakina hata skrubu ya kuonekana. Akakitazama. Akapitisha mkono juu yake huku na huku. Akafunga boneti polepole sana, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba akakuta mtu anavaa.

Akasema, “Hakuna pa kushika.”

Nilikuwa nimejiandaa kucheka, nikashindwa. Clarence akamgusa begani wakarudi ndani, na mimi nikabaki na gari langu jipya.

Tangu hapo ninyi nyote mkanifuata. Mheshimiwa Meya, wewe ulikuwa wa pili. Mji mzima ukanunua magari yasiyoguswa, na taa ya manjano ikiwaka mnayapeleka mjini Marquette yakaunganishwe waya kwenye mashine, kijana anasoma kwenye kioo anawaambia ugonjwa. Simlaumu mtu. Yanawaka vizuri. Lakini gereji ya Clarence ikaanza kuwa na nafasi ya kutosha kucheza dansi, na wauza vipuri wakaanza kumwambia kwamba hiki hakitengenezwi tena, na kile pia. Nyonga yake ikaanza kuuma. Colette akasema inatosha, binti yao yuko Arizona, kuna jua. Mwezi uliopita Clarence akavuka barabara, akasimama jikoni kwangu, kofia mkononi vilevile, akatuambia.

Reino akasema, “Haya.” Akaendelea kunywa kahawa.

Mke mwenza akifunga mizigo, mke anayebaki angefanya nini? Angepiga vigelegele, si ndiyo? Nami nilipiga, moyoni. Nikajisemea, Verna, umeshinda. Sasa Jumamosi ni zako. Na kweli Jumamosi ya kwanza gereji ilipofungwa, Reino alikaa nyumbani. Akakaa kwenye kiti cha jikoni, anatazama ng'ambo ya barabara. Nikamwuliza unawaza nini, akasema hakuna kitu. Nikakaa mbele yake nikamtazama machoni nikamwuliza tena. Akasema hakuna kitu. Kimya cha mume wangu nakijua vizuri, nimeishi nacho, lakini hiki kilikuwa kingine. Akaacha kumaliza chakula. Akaacha kunyoa ndevu. Mimi nilianza kuogopa, na sioni aibu kuwaambia kwamba niliogopa.

Halafu siku moja nikamwona uani na lile pikapu lake kuukuu, mnalijua, lile ambalo chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani imelila mpaka milango inapitisha upepo. Alikuwa anatoa hewa kwenye breki. Vijana, kazi hii hamuijui. Zamani breki zikiingia hewa, pedali inakuwa laini, na kuitoa hewa ile panahitajika watu wawili. Mmoja anakaa garini anakanyaga pedali na kushikilia. Mwingine yuko chini, nyuma ya gurudumu, anafungua skrubu ndogo, hewa na mafuta vinatoka, anafunga, halafu ndipo wa juu anaachia. Ukiachia kabla ya yeye kufunga, hewa yote inarudi. Unarudia hivyo magurudumu manne. Na kwa maisha yangu yote ya ndoa, mguu kwenye pedali ya Reino umekuwa wa Clarence.

Siku ile alikuwa peke yake. Amechukua kipande cha ubao, amekibana kati ya kiti na pedali kimshikilie, kisha anatambaa chini ya gari. Ubao unateleza. Anatoka, anabana tena, anatambaa tena. Ubao unateleza. Mimi niko dirishani, nina miguu miwili mizima, na mume wangu anaomba msaada kwa ubao!

Mezani nikamwambia, “Kwa nini hukuniita mimi?”

Akatafuna. Akameza. Akasema, “Ile ni kazi ya watu waliozoeana.”

“Mimi na wewe hatujazoeana?”

“Mh,” akasema.

Wanawake wenzangu, naomba mnishike. Niliosha vyombo usiku ule kwa nguvu mpaka nikavunja bakuli. Kesho yake asubuhi nilivaa koti, nikavuka barabara, nikamkuta mke mwenzangu anafunga maboksi, nikamwambia, “Clarence Beaudry, kaa chini. Kabla hujaondoka utanifundisha kukanyaga breki.”

Akanitazama. “Shemeji, una uhakika?”

“Nifundishe kabla sijabadili mawazo nikakupiga na hiyo jeki.”

Mwenye nyonga mbovu akaingia chini ya gari lake mwenyewe. Mimi nikapanda juu. Akaita, “Kanyaga!” Nikakanyaga. “Shikilia!” Nikashikilia, pedali ikaanza kuzama chini ya mguu wangu kama inakwenda shimoni, nikashtuka, nikaachia. Chini kukatoka mlio wa kufyonza, na baada yake sauti ya Clarence.

“Nani amekwambia uachie?”

“Nilidhani umemaliza.”

“Usidhani! Ngoja usikie. Haya, tunaanza upya.”

Tukaanza upya, na upya tena. Kufika gurudumu la tatu mguu wangu ulikuwa umeelewa. Na pale, mimi natazama ukuta wa gereji na yeye hata simwoni, nikajikuta namwuliza lile lililonichoma. Nikamwuliza ulimfanya nini mume wangu mpaka akawa anaongea nawe, ulimpa dawa gani.

Clarence akapangusa skrubu kwa kitambaa. Kisha akasema kutoka chini, nami nanukuu: “Shemeji, sijawahi kumwuliza Reino kitu. Wewe unamkalia mbele, unamkodolea macho, unataka jibu. Mtu yule ukimtazama anafunga kama duka Jumapili. Akiwa huku chini haoni mtu, anaona bomba la ekzosi. Mimi huko juu naona ukuta. Basi anaongea na ekzosi, mimi nasikia. Kanyaga.”

Nilikanyaga. Nilimchukia sana kwa dakika ile, na mniruhusu niseme hivyo siku ya sherehe yake, maana alikuwa amesema kweli na aliijua siku zote na hakuwahi kuvuka barabara kuniambia. Clarence, kwa nini hukuniambia? Usijibu. Najua kwa nini. Ulikuwa unamtaka peke yako, kama mimi.

Jumanne iliyopita nilimsubiri Reino atoke na vifaa vyake uani. Nilipomwona anatafuta ubao, nikatoka, nikafungua mlango wa pikapu, nikakaa kwenye usukani. Akaja na spana yake na chupa ya jemu yenye kipande cha mpira wa kupokelea mafuta ya breki, akasimama dirishani.

“Unafanya nini humo?”

“Nimekaa.”

Ubao alikuwa nao mkononi bado. Akauangalia, akaniangalia. Mimi nikaangalia mbele, kwenye lundo la kuni.

“Unajua kushikilia?”

“Jaribu uone.”

Akaingia chini, gurudumu la nyuma kulia, maana linaanza lililo mbali zaidi na pedali. “Kanyaga.” Nimekanyaga. “Shikilia.” Nimeshikilia. Pedali ikazama, nikazama nayo, mguu haukutikisika. “Achia.” Tukamaliza la kwanza, akahamia la pili. Tukamaliza la pili, akasema, “Nani amekufundisha?” Nikasema sijui, nimezaliwa nalo. Nikasikia huko chini kama mtu anacheka kwa pua.

Kwenye gurudumu la tatu akasema, “Shikilia,” na baada ya hapo sikusikia spana. Nikashikilia. Theluji ikaanza kuanguka kwenye kioo. Nyama ya paja ikaanza kunitetemeka, nami kila kiungo cha mwili wangu kilitaka kuinama kitazame ana nini. Sikuinama. Niliangalia kuni. Nikazihesabu, nikasahau hesabu, nikaanza tena.

Halafu akasema, “Clarence anaondoka.”

Nikasema, “Ehe.”

Na mume wangu, ndugu wageni waalikwa, akaanza kuongea. Aliongea mpaka kioo kikawa cheupe chote na mguu wangu sikuusikia tena. Alisema jambo kutoka mwanzo, akalipeleka mpaka mwisho, akasimama katikati mara moja tu kwa sababu sauti ilimkatika, nami nikasema “ehe,” akaendelea. Alipomaliza akavuta pumzi, akafungua skrubu, akafunga, akasema, “Achia.” Tukamaliza la nne. Breki za lile pikapu zinashika vizuri kabisa, na ndilo lililotuleta hapa leo.

Alisema nini?

Naona Clarence umeinua kichwa. Tangu nianze hotuba hii umekuwa ukicheka na kula, na sasa umeweka uma chini. Ndiyo, nakuambia wewe. Jioni ile nilivunja kanuni yako mara moja, nikamwuliza Reino swali moja tu, wakati amenipa kisogo ananawa mikono. Nikamwuliza, “Haya uliyoniambia leo, Clarence anayajua?”

Akasema, “Hapana.”

Basi nenda salama Arizona, ndugu yangu. Mji huu unakushukuru kwa kila gari uliloliamsha kwenye baridi, na mimi nakushukuru kwa mguu huu. Kaa kwenye jua lako, nyosha hiyo nyonga, na kila Jumamosi ukikumbuka huku kwetu, jiulize Reino alimwambia nini Verna chini ya lile pikapu. Ukiandika barua sitajibu. Ukipiga simu nitazungumza habari za theluji. Mimi wivu nimeubeba kwa zaidi ya miaka arobaini, mke mwenzangu. Chukua, sasa ni wako.

Nawashukuru nyote kwa kuniazima masikio yenu.